Anayesimama Mdomoni mwa Shimo

Filamu za watu waliokwama chini ya ardhi hutuuzia tiketi ya kumtazama aliye chini, halafu muda mwingi hutuonyesha walio juu. Haiwezi kuwa vinginevyo. Mtu aliyefukiwa hana la kufanya ila kukaa, kuona njaa, kusali na kugombana na mwenzake kwa sababu ya funda la maji. Mwongozaji hodari atavuta hapo dakika arobaini, labda hamsini. Saa nzima inayobaki hujazwa na mizozo ya mdomoni mwa shimo: nani ataleta mtambo, nani ataulipia, mkubwa gani amenong'ona kwamba hao wameshakufa na kilichobaki ni kutafuta namna ya kuwaambia wake zao. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwenye filamu hizi aliye chini ndiye anayemngoja aliye juu, na hana hakika kama atakuja.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuzipimia. Giza, vumbi na sauti ya jiwe linalopasuka kila mwenye kamera na fundi wa sauti mzuri anaweza kuvitengeneza. Swali ni kama filamu inasema kweli kuhusu wale wenye kamba mkononi.

Chukua The 33. Mgodi wa San José, karibu na mji wa Copiapó kaskazini mwa Chile, uliporomoka tarehe 5 Agosti 2010, watu 33 wakabaki chini kwa kina cha kama mita 700. Siku 17 hakuna aliyejua kama wako hai, hadi keekee ilipopandishwa ikiwa imefungwa kikaratasi chenye habari kwamba wote 33 wako salama kwenye kimbilio, yaani chumba cha dharura humo mgodini. Walitolewa tarehe 13 Oktoba, siku ya 69, mmoja mmoja, ndani ya kapsuli nyembamba iliyoitwa Fénix 2. Patricia Riggen aliitoa filamu yake mwaka 2015, Antonio Banderas akicheza kama Mario Sepúlveda, mmoja wa wachimbaji hao, na mandhari ya chini alizipiga ndani ya migodi ya chumvi ya Colombia. Unaona kabisa kuwa lile ni shimo la kweli. Jasho la waigizaji halikupakwa kwa brashi.

Kuna tukio moja ambalo mtu wa pwani ataliona kwa jicho lake. Kwenye kimbilio hicho kulikuwa na akiba ya chakula cha siku mbili hivi. Wakaigawa: vijiko viwili vya jodari wa kopo na maziwa kidogo kwa kila mtu, tena mara moja kwa saa arobaini na nane. Filamu inapofika kwenye kula kwa mwisho, kila mtu anafumba macho na kuona karamu yake, mkewe akimwandalia, meza imejaa hadi pembeni. Tukio lile lingeweza kuwa la kuchekesha, na karibu linakuwa. Linaokolewa na nyuso. Wanaume wazima wanatafuna hewa, kisha wanafumbua macho na kopo ni tupu.

Hata hivyo filamu hiyo inalegea mahali panapohitaji ukali. Mgodi ulikuwa na njia ya dharura kupitia shimo la kuingizia hewa, na wachimbaji walipoikimbilia walikuta ngazi hazifiki juu. Hazikuwa zimemalizwa kufungwa. Ngazi ni kitu cha bei ndogo kuliko gari la meneja. Kuanzia hapo filamu nzima ingeweza kuwa inamtafuta aliyesema ngazi zingoje. Badala yake tunapewa waziri mwenye huruma, wahandisi wenye ramani, wake za wachimbaji wakiimba kwenye kambi iliyobatizwa Esperanza, yaani tumaini, na mwenye mgodi anayeyuka taratibu kwenye hadithi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo tulivyofundishwa. Huko Chile waendesha mashtaka walifunga faili mwaka 2013 bila kumfikisha yeyote kortini.

Wahindi walikuwa na ujasiri zaidi katika hili, na mapema zaidi. Kaala Patthar ya Yash Chopra ilitoka 1979, miaka michache baada ya mkasa wa Chasnala wa Desemba 1975, ambapo maji yaliingia kwenye mgodi wa makaa ya mawe na watu zaidi ya 370 wakafa. Kuna nyimbo, kuna ngumi, kuna mapenzi matatu kwa pamoja, lakini mwenye mgodi yuko pale pale mbele ya macho yako, ameambiwa kwamba ukuta wa maji uko karibu, na anaamua kuchimba. Hakuna kupepesa. Na Amitabh Bachchan anacheza kama nahodha wa meli aliyewaacha abiria wake baharini wakati wa dhoruba, akavuliwa heshima, akaja kujificha kwenye vumbi la makaa. Mombasa ni mji wa bandari. Hapa hakuna haja ya kumweleza mtu nahodha aliyekimbia meli ni mtu wa namna gani. Kizazi kilichokulia kwenye kumbi kama Naaz na Regal kilijifunza sinema kwa filamu za namna hii, na si ajabu wazee wetu hadi leo wakitazama filamu ya mkasa huuliza kwanza: tajiri ni nani humu?

Vijana wa vibanda vya video hawaulizi hivyo. Wao wanataka mtu apigwe. Nawahurumia madijei wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, maana filamu ya shimoni huwanyima kazi: watu wamekaa kimya, mmoja anapumua, mwingine anapumua. Utasema nini hapo? Ndiyo maana The Descent ya Neil Marshall, ya mwaka 2005, inakubalika sana vibandani: wanawake sita wanaingia pangoni, na katikati ya filamu wanatokea viumbe weupe wala watu. Mimi ningeikata viumbe hao wasijatokea bado. Pale mwanamke mmoja anapobanwa kwenye njia nyembamba, kifua kimegusa jiwe mbele na mgongo umegusa jiwe nyuma, hakuna jini litakaloniongezea hofu.

Filamu iliyokwenda moja kwa moja kwa walio juu, bila aibu, ni ya zamani: Ace in the Hole ya Billy Wilder, 1951. Kirk Douglas ni mwandishi wa habari aliyefukuzwa magazeti makubwa, yuko kwenye kigazeti cha mji mdogo wa jangwani, anangoja habari ya kumrudisha mjini. Anaipata: mtu mmoja amebanwa ndani ya pango. Kumtoa kwa kuimarisha njia ya mbele ni kazi ya saa chache, isiyofika hata siku nzima. Mwandishi anakubaliana na sherifu, mkuu wa polisi wa eneo hilo, mkandarasi anashurutishwa, uamuzi unabadilika: watachoronga kutoka juu ya mlima. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Siku kadhaa ni matoleo kadhaa ya gazeti. Watu wanaanza kuja na magari, na familia, na mahema; kiingilio kinapandishwa; bembea na michezo inafungwa chini ya mlima; mke wa mtu aliyebanwa anauza chakula na anahesabu fedha. Mume anakufa huko ndani akisikia mtambo ukigonga juu ya kichwa chake mchana na usiku. Wamarekani wa wakati ule hawakuipenda, na haishangazi. Wilder alikuwa na kisa halisi mkononi: Floyd Collins, aliyebanwa ndani ya pango la Sand Cave, Kentucky, mwaka 1925, na umati uliofurika nje huku mwenzao akifa ndani.

Sisi tuna la kwetu, ingawa ni la maji. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi kinyumenyume likatumbukia kutoka kwenye feri kivukoni Likoni, ndani yake mama na binti yake mdogo. Lilipandishwa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Kati ya tarehe hizo mbili, nchi nzima iligeuka mtaalamu wa kupiga mbizi. Wanamaji walishuka, wapiga mbizi wa kibinafsi walishuka, wengine waliletwa kutoka Afrika Kusini, na pande zote za kivuko watu walijaa na simu zao zimeinuliwa. Siwalaumu wote. Katika umati ule walikuwemo waliofunga na kuomba dua, na walikuwemo waliopeleka chakula kwa jamaa. Lakini ukiitazama Ace in the Hole ukiwa mtu wa Likoni, kuna nyuso utazitambua, na itakubidi ujiulize ulikuwa umesimama upande gani wa utepe.

Mkasa wa Thailand ni wa aina hiyo hiyo ya maji machafu, tofauti ni kwamba waliokuwa ndani walikuwa hai. Wavulana 12 wa timu ya soka na kocha wao waliingia pango la Tham Luang tarehe 23 Juni 2018, mvua ikawafungia. Wapiga mbizi wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliwakuta tarehe 2 Julai wamejibanza kwenye mwinuko, siku zote hizo wameishi kwa maji yanayodondoka kwenye kuta. Walitolewa kati ya tarehe 8 na 10. Mpiga mbizi wa zamani wa jeshi la wanamaji, Saman Kunan, alikufa wakati wa kupeleka mitungi ya hewa.

Kati ya filamu zilizotengenezwa kwa kisa hicho, Thirteen Lives ya Ron Howard ya mwaka 2022 ndiyo ninayoirudia. Howard hana haraka. Anaonyesha bomba, pampu, mabwawa ya kuzuia maji mlimani, na wakulima wanaoombwa waache mashamba yao ya mpunga yagharikishwe ili maji yatoke pangoni. Wanakubali. Tukio hilo halifiki hata dakika tano na ni zito kuliko hotuba zote za The 33. Halafu linakuja jambo ambalo mwandishi wa kubuni angekatazwa kuliandika: njia pekee ni kuwalaza watoto kwa ketamini, kuwafunga mikono ili wakizinduka wasijivue barakoa ya hewa, na kuwaburuta chini ya maji kama mizigo kwa saa kadhaa. Daktari wa usingizi Richard Harris, Mwaustralia, anaifanya kazi hiyo akiamini kwamba baadhi watafia mikononi mwake. Joel Edgerton anayemwigiza hapandishi sauti hata mara moja. Anapiga sindano kwenye paja la mtoto, anangoja kichwa kilegee, anamgeuza uso uingie majini. Ni uuguzi unaofanana na uuaji, na kamera inakaa hapo hapo.

Kocha na wavulana watatu kati ya hao hawakuwa raia wa nchi yoyote. Hawakuwa na karatasi. Walipewa uraia wa Thailand mwezi Agosti, baada ya kutolewa, baada ya dunia nzima kuwajua kwa majina. Weka jambo hilo pembeni kidogo, kisha twende Stilfontein.

Huko Afrika Kusini, mwaka 2024, polisi waliuzingira mgodi wa dhahabu uliotelekezwa ambamo mamia ya wachimbaji wasio na leseni walikuwa wakifanya kazi, wengi wao kutoka Msumbiji, Zimbabwe na Lesotho. Chakula na maji vikazuiwa kushushwa, ili njaa iwatoe. Waziri mmoja alisema hadharani kwamba watu hao watafukizwa mpaka watoke. Wakazi wa jirani na mashirika ya kutetea haki walikwenda mahakamani. Januari 2025 hatimaye kilishushwa kizimba cha chuma kwa winchi, kitu cha ukoo mmoja na ile kapsuli ya Chile, na walioingia ndani yake kushuka walikuwa wakazi wa kujitolea. Siku chache zikapandisha watu 246 hai na maiti 78. Wengi wa walio hai walipokewa na pingu.

Mtambo ni ule ule, njaa ni ile ile. Kilichobadilika ni aliyesimama juu na alichomwita aliye chini. Chile walikuwa mashujaa, Thailand walikuwa watoto, Stilfontein walikuwa wahalifu. Ndiyo maana nasema filamu hizi haziwezi kupimwa kwa giza lake. Itakapotengenezwa filamu ya Stilfontein, na itatengenezwa, nitataka kujua kama kamera itakaa kwanza pale juu, kwenye magari ya polisi, mtu akila mkate wake wa mchana karibu na shimo.

Andrzej Wajda wa Poland aliwahi kulifanya jambo hili kwa namna ya kimyakimya. Kanał, 1957, inafuata kikosi cha wapiganaji wa maasi ya Warsaw ya 1944 dhidi ya Wajerumani wakikimbilia mitaro ya majitaka. Mwanzoni kabisa sauti inatuambia tuwatazame vizuri, hizi ni saa zao za mwisho. Wawili kati yao, mwanamke na mpenzi wake aliyejeruhiwa, wanafika mwisho wa mtaro: mwanga, mto, majani ya ng'ambo. Na nondo. Njia imezibwa kwa nondo. Mwanamke anatazama ng'ambo ya mto. Ng'ambo ile ndiko lilikokuwa jeshi la Kisovieti, ambalo lilikaa likangoja hadi maasi yakazimwa. Wajda hakuweza kulisema hilo Poland ya wakati ule, iliyokuwa chini ya kivuli cha Moscow, kwa hiyo alituonyesha ukingo mtupu. Watazamaji wake walijua nani alipaswa kuwa amesimama pale.

Kuna jambo moja filamu karibu zote zinalishindwa, na kwetu ndilo linaloua: hewa. Kwenye sinema watu huuawa na mwamba, maji, moto au mnyama, kwa sababu vyote hivyo hupigika picha. Tham Luang oksijeni ilishuka hadi karibu asilimia 15, kutoka 21 ya kawaida, na hilo ndilo lililowalazimisha waokoaji kuharakisha. Hata Howard analipitisha kwa maneno tu. Mombasa tumekaa juu ya miamba ya matumbawe iliyotobolewa visima na vyoo vya shimo kila uani. Fundi mzoefu hushusha mshumaa kwanza, ukizimika, haingii. Mwaka 2014, Mikindani, simu ilitumbukia chooni. Mtu mmoja akashuka kuifuata, akazimia. Mwingine akashuka kumwokoa. Naye akazimia. Watu wakafa kwa ajili ya simu, na waliokufa baada ya wa kwanza walikufa kwa ajili ya mtu. Hakukuwa na kelele, hakuna kilichoporomoka. Mwongozaji atakayejua kuionyesha hewa hiyo mbaya, labda kwa sauti inayolegea katikati ya sentensi, atakuwa amefanya ambalo Hollywood haijalifanya.

Na hadithi kubwa kuliko zote tulizozitaja haiko Chile wala Thailand. Oktoba 2015, mgodi mdogo wa dhahabu wa Nyangarata, wilayani Kahama, Tanzania, uliporomoka. Wachimbaji watano walitolewa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41. Mwenzao mmoja aliyenaswa pamoja nao alikufa humo. Hawakuwa na kimbilio, wala jodari wa kopo, wala keekee iliyowapelekea barua. Walikula mende, vyura na wadudu wengine, wakanywa maji ya matope. Magazeti yaliandika, dunia ikashangaa kwa siku mbili, basi. Hakuna Banderas aliyenunuliwa tiketi ya ndege kwenda Kahama.

Wenzangu wa hapa wanaotengeneza filamu hunijibu kwamba ni fedha. Si kweli, au si kweli yote. Buried ya Rodrigo Cortés, 2010, ina Ryan Reynolds peke yake ndani ya jeneza kwa dakika tisini, na kiberiti cha gesi, na simu. Ilipigwa Barcelona kwa siku 17. Mwanzo hadi mwisho hatutoki ndani ya sanduku, na bado filamu nzima ni ya walio juu: sauti za simu zinazomweka kwenye mstari, zinazomhamishia kwa mtu mwingine, mwajiri anayempigia kumweleza kwamba mkataba wake umevunjwa kwa hiyo bima haipo. Gharama yake ni mbao na mwigizaji mzuri. Sisi tuna mapango Shimoni, tuna machimbo ya mawe kila upande wa mji, na tuna waigizaji wa jukwaani wanaolipwa soda.

Kama ningepewa hati ya Nyangarata niipitie, ningeomba mambo machache tu. Lugha iwe Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma, kama wanavyozungumza wachimbaji wenyewe. Vyura wasigeuzwe kichekesho. Siku za mwanzo juu ya shimo zipewe muda mrefu, wakati ndugu bado wamekaa na watu bado wanachimba, na siku za katikati zipewe muda mrefu zaidi, wakati mdomo wa shimo hauna mtu na mwenye duara, yaani mwenye shimo hilo la kuchimbia, ameshahamia shimo jingine.